Namna ya Kumwabudu Mungu kwa Moyo wa Kweli: Mwongozo kwa Mkristo wa Unguja na Pemba

Mkristo anayeishi Unguja au Pemba anaishi katikati ya watu wa ibada. Adhana humwamsha alfajiri, jirani humwona Jumapili asubuhi akitoka na Biblia mkononi, na mtaa mzima unajua, bila ya kuambiwa, nani anakwenda kanisani na nani ameacha kwenda. Hali hii ni neema, kwa sababu hapa hakuna anayekushangaa ukisema unakwenda kusali. Hata hivyo ina mtego wake, kwani mahali ambapo kila mtu anaonekana akiabudu, ni rahisi mtu kuabudu ili aonekane. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka ibada yake itoke moyoni, awe Mwanglikana, Mkatoliki, Mlutheri au Mpentekoste, awe anasali katika kanisa kuu la Mkunazini, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu lenye minara miwili, au katika banda la mabati lililojengwa na waumini wenyewe kule shamba.

Kwanza tuelewane juu ya kitu tunachokitafuta. Wengi wakitaja ibada ya moyo huwa wanafikiria ibada yenye hisia: machozi, mwili kusisimka, sauti kupanda mpaka mtu asijue yuko wapi. Hisia ni zawadi na aliyepewa asiikatae, lakini si kipimo. Kipimo alikitoa Bwana Yesu mwenyewe pale kisimani, katika Yohana sura ya 4, aliposema kwamba "waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli." Tutazame kilichotangulia maneno hayo. Alikuwa amemwambia yule mwanamke Msamaria aende akamwite mumewe, na mwanamke akajibu kwamba hana mume, na Yesu akamwambia kuwa hapo amesema kweli. Mazungumzo ya mahali pa kuabudia, kama ni mlima ule au Yerusalemu, yalikuja baada ya kweli ya nyumbani mwake kuwekwa wazi. Kwa hiyo ninaposema ibada ya moyo, nina maana ya jambo moja: kutotamka wala kutenda mbele za Mungu lile usilolikusudia, na kuyaleta mbele zake yale ambayo hasa yamo moyoni mwako, hata kama hayapendezi. Jambo hili linafundishika, na mtu wa kawaida, asiye na kipaji chochote cha kuimba wala cha kuomba hadharani, anaweza kulizoea.

Anza Jumamosi

Ibada ya Jumapili hutengenezwa au huharibiwa Jumamosi. Anayelala saa saba za usiku kwa ajili ya mpira na simu, akaamka mbiombio, akaitafuta nguo huku akiwagombeza watoto, atafika kanisani mwili wake tu. Nguo na zipigwe pasi jioni, sadaka na itengwe mapema, na nauli ya daladala iwekwe kando, ili asubuhi isiwe na zogo. Baada ya hapo tafuta masomo ya kesho. Makanisa yenye kalenda ya masomo huyapanga kwa mwaka mzima, na katekista au msoma masomo atakwambia ukimuuliza. Katika makanisa mengine hakuna ubaya kumpigia mchungaji simu na kumwomba akutajie andiko atakalohubiri. Lisome taratibu, kwa sauti ya chini, kisha lisome tena. Usitafute la kuwaambia wengine. Tafuta sentensi moja inayokugusa au inayokukera, kwa kuwa hata lile linalokukera ni mlango, nawe ulale nalo.

Lakini kazi kubwa ya Jumamosi ni nyingine, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikaa kidogo, kwa sababu ndipo ibada nyingi zinapokwama. Katika Mathayo 5 Bwana anasema: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako, kisha urudi uitoe sadaka yako." Angalia kwamba hakusema "ukikumbuka kuwa wewe una neno juu ya ndugu yako." Amesema yeye ndiye aliye na neno juu yako. Amri hii inamwendea aliyekosa, au anayedhaniwa kuwa amekosa, na inampa kazi ya kuanza kutembea.

Sisi tunaishi karibu karibu mno. Tunapanga vyumba katika nyumba moja, tunatumia uwa mmoja na bomba moja la maji, tunacheza upatu pamoja, tunaimba kwaya moja. Visiwa ni vidogo, na ukimkosea mtu Mwanakwerekwe utakutana naye Darajani. Ndiyo maana magomvi yetu hayaishi kwa kutengana. Huzama chini na kukaa. Mtu anaweza kukaa miaka katika kwaya moja na mwenzake, wameacha nafasi ya viti viwili baina yao, wote wawili wakiimba juu ya upendo wa Mungu kwa sauti nzuri. Ibada ya namna hiyo haiwezi kutoka moyoni, kwa sababu moyo unashughulika na jambo jingine wakati wote: nani ameingia, amemsalimia nani, amevaa nini, kwa nini yeye ndiye aliyepewa kuongoza.

Basi fanya hivi. Jumamosi jioni kaa mahali penye utulivu, ukamuulize Mungu kwa jina: nani ana neno juu yangu? Jina likija, usianze kulibishia. Kama ni deni, lipa, au kama huna, nenda ukaseme lini utalipa na kiasi gani utaanza nacho. Sala ya Bwana ina maneno "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," na ni vigumu kuyasema kwa moyo mtu anapokuwa anapita njia ya nyuma ili asionwe na mwenye duka. Kama ni neno ulilosema, nenda mwenyewe kwa miguu yako. Ujumbe wa simu unafaa tu pale mtu alipo mbali. Ukifika, kaa barazani, amkia kama desturi yetu ilivyo, usikimbilie. Kisha taja kosa lenyewe kwa jina lake. Sema, "Mama, nilikusema vibaya mbele ya watu siku ile ya kikao, na haikuwa haki. Naomba unisamehe." Kisha unyamaze. Usiongeze "lakini na wewe," wala usiseme "kama nilikukosea," kwa kuwa maneno hayo mawili huigeuza toba kuwa mashitaka. Akikusamehe, shukuru. Akikataa au akikuambia maneno makali, usiyarudishe. Paulo anasema katika Warumi 12, "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote," na upande wako umekwisha kuushika. Nenda ukatoe sadaka yako.

Lipo jambo moja la tahadhari. Kupatana si kurudi katika mkono wa mtu anayekupiga au anayekudhuru, wala kumfichia aliyemdhuru mtoto. Aliyeumizwa hana sharti la kwenda peke yake kwa aliyemuumiza ndipo aruhusiwe kuabudu. Huyo na amwendee padri au mchungaji anayemwamini, na vyombo vya sheria pale inapopasa.

Kufika na kunyamaza

Fika mapema, robo saa kabla ya kengele au kabla ya wimbo wa kwanza. Salamu za nje ya kanisa ni jambo jema na sisi Waswahili hatuwezi kupita bila ya kujuliana hali, lakini ukiingia ndani acha maneno mlangoni. Simu izimwe kabisa. Ukisoma Biblia katika simu, kama wengi wanavyofanya siku hizi, funga data kwanza, kwa maana ujumbe mmoja unaoingia wakati wa maungamo utakupeleka Kariakoo na kukurudisha huku wenzako wamekwisha kuinuka.

Kisha unyamaze, na hili ndilo tusilolizoea. Wapo Wakristo waliofika Pemba mwaka 1897, mwaka uleule ambao sheria ya Zanzibar iliacha kuutambua utumwa, wakaanzisha kazi yao Banani, karibu na Chake Chake. Walikuwa Wakristo wa Jumuiya ya Marafiki (Quakers) kutoka Uingereza, watu ambao kwao walizoea kuabudu kwa kukaa kimya pamoja, bila ya padri, bila ya kinanda, mpaka mmoja wao aone kwamba amepewa neno la kusema. Si kila mmoja wetu anaitwa kuabudu hivyo kila wiki, na mimi binafsi nisingependa kuishi bila ya Meza ya Bwana na zaburi zake. Lakini kuna kitu walichokijua ambacho makanisa yetu yenye spika kubwa yanakihitaji: kwamba mtu akinyamaza kwa muda wa kutosha, huanza kusikia anachokiwaza kwa kweli.

Kwa hiyo dakika zako za mwanzo zitumie hivi. Kaa au piga magoti, kwa namna ya kanisa lako. Usiombe kitu chochote bado. Acha yaje yale yanayokuja: kodi ya nyumba, ada ya skuli, maumivu ya mgongo, hasira juu ya bosi. Kila linapokuja, litaje mbele za Mungu kwa maneno machache ya kawaida, "Bwana, naogopa kodi ya mwezi huu," na uliache hapo. Watu hudhani kwamba mawazo haya ni adui wa ibada wakapambana nayo saa nzima. Mawazo hayo ndiyo moyo wako ulivyo asubuhi hiyo, na huna moyo mwingine wa kumletea Mungu.

Kuhusu spika, niseme neno moja nipite. Kanisa lililo katikati ya nyumba za majirani lisipandishe sauti ya vyombo hadi wagonjwa na watoto wachanga wa mtaa wasilale wakati wa mkesha. Ujirani mwema umetulinda katika visiwa hivi muda mrefu, na Mungu hahitaji spika ili atusikie.

Maneno ya kitabu na maneno ya wimbo

Baadhi ya watu husema kwamba sala iliyoandikwa haiwezi kutoka moyoni, na kwamba ili uombe kwa kweli ni lazima uombe bila ya kitabu. Sikubaliani nao. Zaburi zimeandikwa, na Bwana Yesu alipokuwa msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22. Kwa upande mwingine, sala isiyo ya kitabu inaweza kuwa mazoea matupu kuliko ya kitabu: sauti ileile ya kukoroma, misemo ileile, "Baba" baada ya kila maneno matatu. Tatizo ni ulimi unapokwenda mbele na kumwacha mwenye ulimi nyuma, jambo ambalo Isaya alilikemea katika sura ya 29 aliposema juu ya watu wanaomkaribia Mungu kwa vinywa huku mioyo yao ikiwa mbali.

Dawa yake ni kuchukua kipande kidogo cha ibada kila wiki na kukifanyia kazi. Wiki hii chukua maungamo. Usijaribu kuwa makini kuanzia mwanzo wa ibada hadi mwisho, kwa sababu hutaweza. Lakini yakifika maungamo, uwepo wote. Kabla ya kusema "nimekosa," uwe na kosa moja mkononi, lenye siku na mahali: Jumatano, sokoni, nilipunguza kipimo. Wiki ijayo chukua pale padri anaposema "Inueni mioyo," nasi tunajibu kwamba tumeiinua. Mtu ajiulize kabla ya kujibu: nimeinua nini hasa? Kama moyo wako uko chini siku hiyo, jibu hivyohivyo pamoja na kanisa, ukiongeza kimoyomoyo, "na wangu uunyanyue wewe, maana mimi sina nguvu." Huko si kusema uongo. Kanisa linajibu pamoja, na siku ambayo wewe huwezi, wenzako wanakubebea. Baada ya mwaka mmoja wa kufanya hivi, kipande kwa kipande, utashangaa jinsi ibada uliyoijua tangu utotoni ilivyokuwa na vyumba ambavyo hukuwahi kuingia.

Nyimbo zinahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu muziki una nguvu ya kutuchukua hata tusipokuwa na habari na maneno. Paulo anasema katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14, kwamba ataimba kwa roho na tena ataimba kwa akili pia. Katika kwaya yetu yuko mama mmoja mtu mzima, mwenye sauti isiyo na sifa kubwa, ambaye hakubali kuimba wimbo mpya kabla ya kuusoma. Siku ya mazoezi huivaa miwani yake, iliyofungwa uzi upande mmoja, akashika karatasi karibu na taa, na kuzisoma beti zote kwa sauti ya kawaida, taratibu, kama anayesoma barua iliyotoka kwa mwanawe. Akifika mahali asipopaelewa, husimama na kumuuliza mwalimu. Mara moja alifika kwenye ubeti unaosema mwimbaji yuko tayari kuacha vyote, akaiweka karatasi chini, akasema, "Huu mimi siwezi kuuimba leo, nitauomba kwanza." Aliuomba wiki nzima, kisha akauimba. Vijana walicheka mwanzoni. Sasa nusu ya kwaya husoma beti kabla ya kuimba, na mwenye masikio husikia tofauti.

Wewe usiye mwanakwaya fanya vivyo hivyo kwa namna yako. Wimbo ukitajwa, pitisha macho katika beti haraka. Ukikutana na mstari usioweza kuusema kwa kweli, una njia mbili: unyamaze katika mstari huo, au uugeuze kuwa ombi. Kama wimbo unasema "nimetosheka na wewe, Bwana," nawe hujatosheka, imba kwa nia ya "nifanye nitosheke." Na wanaoongoza kusifu na kuabudu, nawaomba kwa heshima, msiwalazimishe watu kuinua mikono, kupiga makofi au kumwambia jirani maneno ambayo hawakuyawaza. Mkono ulioinuliwa kwa amri ya maikrofoni hauna maana mbele za Mungu, na unamfundisha mtu kwamba kanisani ni mahali pa kuigiza. Anayependa kuinua na ainue. Anayependa kusujudu, Zaburi ya 95 inatuita "tuabudu, tusujudu," na mwili unyenyekee kwa hiari yake.

Na unapoomba kwa maneno yako mwenyewe, omba kwa Kiswahili unachokitumia nyumbani. Wakristo wa hapa tulipata neema mapema: Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu baadaye, alipofika Unguja mwaka 1864 na wenzake wa Misheni ya Vyuo Vikuu, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, alijifunza lugha kwa wenyeji, akachapa na kufasiri, ili watu wasali kwa lugha wanayoielewa. Itakuwa hasara kubwa basi kuacha lugha yako mlangoni na kuvaa sauti ya mhubiri wa redio. Sema na Mungu kama unavyosema na mzazi unayemheshimu: kwa adabu, kwa wazi, bila ya mapambo.

Sadaka, na kile kinachofuata mlangoni

Anayeingia kanisa kuu la Mkunazini na kwenda mbele ataona duara la marumaru sakafuni, karibu na madhabahu. Mapokeo ya mahali hapo yanasema kwamba ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Steere aliyesimamia ujenzi amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo. Karibu na hapo upo msalaba wa mbao, uliotengenezwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wageni hupiga picha na kuondoka. Sisi tunaopiga magoti pale tuna swali la kujibu kila tunapopokea mkate: je, tunaweza kuabudu mahali ambapo watu waliuzwa, kisha tukarudi nyumbani kumlaza dada wa kazi jikoni na kumlipa mshahara wake anapokumbukwa?

Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908 hadi alipofariki mwaka 1924, alipenda sana ibada yenye ubani, mishumaa na heshima kubwa kwa Sakramenti. Hata hivyo, alipohutubia mkutano mkubwa wa Waanglikana wenzake huko London mwaka 1923, aliwaambia kwamba hawawezi kudai kumwabudu Yesu katika tabernakulo, yaani kisanduku kinachohifadhi Sakramenti kanisani, ikiwa hawamhurumii Yesu katika mitaa ya maskini. Alikuwa na haki ya kulisema, kwani yeye mwenyewe alikuwa amesimama hadharani kupinga Waafrika kulazimishwa kufanya kazi. Nabii Amosi, katika sura ya 5, ni mkali zaidi: Mungu anataka aondolewe kelele za nyimbo, kwa kuwa anachokingoja ni haki.

Kwa hiyo hatua hii ya ibada ni ya vitendo. Unapotoa sadaka, toa kiasi ulichokiamua nyumbani, si kile kilichobaki mfukoni, na usitoe kwa kuangalia bahasha ya mwenzako. Kisha, kabla ya kutoka kanisani, chagua jambo moja la kutenda kutokana na ulichokisikia, na ulitende kabla ya Jumatatu kuisha. Wakulima wa Pemba wanajua kwamba karafuu ikichumwa lazima ichambuliwe na kuanikwa mapema, kwani ikiachwa rundo huchacha na thamani yake hupotea. Neno la Mungu lililosikiwa na kuachwa bila ya kutendwa huishia hivyohivyo, na msikiaji hubaki na kumbukumbu ya mahubiri mazuri tu. Jambo lenyewe si lazima liwe kubwa. Mlipe kibarua leo. Mtembelee mgonjwa aliyelazwa Mnazi Mmoja. Mpelekee jirani Mwislamu aliyefiwa mchango wa msiba, ukae naye barazani bila ya haraka.

Siku za kazi, na wale wasio na Jumapili

Ibada ya Jumapili haiwezi kuwa na moyo ikiwa siku sita zilizopita hazikuwa na neno lolote kwa Mungu. Warumi 12 inatutaka tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, na mwili unafanya kazi siku zote. Njia nyepesi kwa mkaazi wa visiwa hivi ni kuuheshimu wakati wa alfajiri. Adhana inapowaita jirani zetu, nawe umeamka tayari. Badala ya kugeuka upande wa pili, keti kitandani, jiandae kwa heshima, sema Sala ya Bwana polepole na zaburi moja, ukiwaombea pia hao jirani wanaosali kwa wakati huo. Dakika kumi zinatosha. Jioni, kabla ya chakula au baada yake, familia ikae pamoja kwa muda mfupi. Mtoto asome, mzazi aombe kwa sentensi chache, na wote waimbe ubeti mmoja. Msiwachoshe watoto kwa sala ndefu, kwa sababu watajifunza kwamba ibada ni kuvumilia.

Wapo wengi ambao hawana Jumapili kabisa. Vijana waliotoka bara kufanya kazi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hupangiwa zamu bila ya kujali siku, na kanisa liko mbali. Walinzi, wauguzi na madereva wako vivyo hivyo, na mama wanaolima mwani hufuata bamvua, si kalenda. Ndugu zangu hawa mara nyingi hujihukumu, kisha wakakata tamaa na kuacha. Msiache. Mwombe msimamizi wako mapema, kwa adabu na kwa maandishi, akupe angalau Jumapili moja kwa mwezi, na ujitolee kushika zamu ya mwenzako Mwislamu wakati wa Idi. Makubaliano ya namna hiyo hukubaliwa kuliko malalamiko. Jumapili nyingine tafuta mwenzako mmoja au wawili, kabla ya zamu au baada yake, katika chumba cha wafanyakazi. Someni masomo ya siku hiyo, kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru na moja la kuungama, ombeaneni kwa majina, mmalize na Sala ya Bwana. Bwana ameahidi kuwapo walipo wawili au watatu. Mjulishe padri au mchungaji wa kanisa lililo karibu kwamba mpo. Yeye anaweza kupanga ibada ya katikati ya wiki, au kuja kuwapa Ushirika Mtakatifu, lakini hawezi kufanya hivyo kwa watu asiowajua.

Moyo unapokauka

Utafika wakati ambapo utafanya yote haya na hutasikia kitu. Wimbo utakuwa kelele, masomo yatapita, na wakati wa kupokea utajiona kama mtu aliyesimama katika foleni. Usikimbilie kusema kwamba imani yako imekufa, na usikimbilie kanisa jingine lenye vyombo vikubwa zaidi. Angalia kwanza mambo ya kawaida: unalala vya kutosha? Umefiwa, na hujapata kulia? Kuna dhambi unayoijua na umeamua kutoitaja? Ukiikuta, ifuate kama tulivyosema juu ya Jumamosi. Usipokuta chochote, endelea kwenda, ukae mahali pako pa kila siku, na umwambie Mungu hali ilivyo. Zaburi ya 88 haina mstari hata mmoja wa furaha, inaishia gizani, na bado imo katika Biblia kama sala. Isome nyakati hizo kwa sauti, bila ya kuisahihisha. Ukavu ukizidi Kwaresima nzima au zaidi, au ukifuatana na kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi na kutamani kufa, usibaki nao peke yako: mwambie padri wako au mzee wa kanisa unayemwamini, na uende hospitali ukaonane na daktari, kwa maana maradhi ya akili hutibiwa kama maradhi mengine, na kwenda kutibiwa hakupunguzi imani yako hata kidogo. Wakati huo sala zako ziwe fupi. "Bwana, unihurumie" inatosha kwa siku nzima, na wenzako kanisani waombe yaliyobaki kwa niaba yako, mradi umewaambia kwamba unahitaji kuombewa.